Mambo? Sawa au Shida: tukijibu "Shida", nani anapokea?

MkungaWaZiwa:

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa 14 kazini, niko zahanati ya kijiji huku Kanda ya Ziwa. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, leo nalitoa.

Nianze na neno ambalo wengi wetu tunalitumia kutwa nzima: Mambo?

Kuanzia 2007 huko Kenya, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 538 waliokuwa ndio wanaanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu. Wagonjwa 273 kati yao walikuwa wanapata ujumbe wa simu kutoka kliniki mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe: "Mambo?" Basi. Hautaji dawa, hautaji ugonjwa, hausemi "usisahau kumeza". Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu Shida, muuguzi alimpigia. Aliyekaa kimya, muuguzi alimpigia pia. Wale wengine 265 waliendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka 2010 kwenye jarida la Lancet: waliokuwa wakimeza dawa ipasavyo ni asilimia 62 upande wa ujumbe, na asilimia 50 upande wa pili. Waliofubaza virusi ni 57 kwa 48.

Simu zenyewe za vitochi. Hakuna bando, hakuna programu ya kupakua.

Sasa mimi nikiitazama habari hii kwa jicho la muuguzi, naona kilichowasaidia wale watu ni yule mwenzangu aliyekaa na orodha mkononi, anajua fulani hajajibu tangu Jumatatu, ananyanyua simu. Ujumbe ulikuwa mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na mtu.

Nalisema hili kwa sababu ya kilichonitokea kliniki mwaka juzi. Siku ya wajawazito kwetu wanakuja thelathini, wakati mwingine arobaini, na tuko wawili. Kila mama namjazia kadi yake, kisha kitabu cha MTUHA namba 6, yaani rejista ya wizara ya wajawazito, kisha nageukia kompyuta niingize yaleyale, mtandao ukikubali. Siku hiyo mtandao ulikuwa unakubali na kukataa. Mama mmoja, mimba ya wiki 34, akakaa mbele yangu akasema kwa sauti ya chini, "Nesi, kichwa kinanigonga tangu jana, nikiinuka naona vimulimuli." Nilimsikia kwa masikio. Akili ilikuwa kwenye ukurasa uliogoma kufunguka. Nikamwambia, "Sawa mama, subiri kidogo."

Wenzangu wa fani mnajua kichwa na vimulimuli kwa mjamzito maana yake nini: dalili za hatari ya kifafa cha mimba. Nilikuja kushtuka ameshasimama kumpisha mwenzake, macho yangu yakaangukia miguu yake: imevimba hadi mikanda ya kandambili imezama ndani ya nyama. Nikamrudisha. Presha 170 kwa 110. Bado kidogo tu nimpoteze mtu aliyekaa hatua moja kutoka nilipo, huku namwandika jina lake kwenye mashine.

Tukamlaza, nikamchoma dozi ya kwanza ya magnesium, dawa ya kuzuia degedege, nikapiga 115. Namba ya bure, ndiyo ile ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Aliyepokea ni mhudumu wa afya kama mimi, yuko kituo cha uratibu mkoani. Akauliza mimba ya miezi mingapi, presha ngapi, ameshapata degedege au bado, nimempa nini na saa ngapi. Gari la wagonjwa lilikuwa safari nyingine, akampangia dereva wa jamii, mtu mwenye gari lake binafsi aliyesajiliwa kwenye mpango. Gari likaja. Hakuna aliyeulizwa nauli. Dereva alilipwa kwenye simu yake hospitali ilipothibitisha amemfikisha mgonjwa. Mama alijifungua kwa upasuaji usiku uleule, mtoto kilo 2 na kidogo, wote walirudi nyumbani.

Mliokulia vijijini mnakumbuka ilivyokuwa. Mama anatokwa damu, mume anazunguka kijiji na tochi kutafuta mwenye gari, mwenye gari anataka hela ya mafuta kwanza, ndugu wanaanza kuuza mbuzi usiku wa manane. Tulifundishwa chuoni kwamba mama hufa kwa kuchelewa kutatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Hiyo namba imekwenda kuvunja kule kwa katikati. Ilianza kidogokidogo Sengerema na Shinyanga, na 2022 ikatangazwa kuwa ya nchi nzima. Inamhudumia mjamzito, aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga wa hadi siku 28.

Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulihesabu vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulihesabu 104. Sitathubutu kusema simu ndiyo iliyofanya yote hayo. Vituo vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji, dawa na watumishi wameongezeka. Ila mimi niliyeshika mkono wa yule mama ndani ya gari najua simu ilifanya nini usiku ule.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba naikataa kompyuta. Nauliza swali moja, naomba kila mtu ajibu kwa alipo: huko kwenu, mtu akijibu "Shida", nani anapokea?

*

DerevaWaShy:

Dada Mkunga, shikamoo kwa kazi.

Mimi ni mmoja wa hao madereva. Nina Probox, kazi yangu kubwa ni abiria wa mnadani. Simu ikiita saa nane usiku mke wangu ndiye anayeamka kwanza, ananipa shati huku naongea. Nyuma nimetoa siti moja, kuna godoro la inchi nne na turubai, maana damu ikiingia kwenye kitambaa haitoki.

Niseme kitu ambacho watu wa maofisini hawakioni. Ili mtu apige 115 lazima apate mtandao. Kuna kijiji huku kwetu mtandao unashikika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya shule. Watu wanakiita "kichuguu cha simu". Usiku wa mvua mwaka huu nimemkuta baba mzima kakaa pale juu amelowa chapachapa. Alishapiga, ameambiwa gari linakuja, na ameogopa kushuka asije akapigiwa akakosekana. Mkewe yuko nyumbani na mama mkwe. Nilimpakia yeye kwanza ndipo tukaenda kumchukua mgonjwa, tulifika salama.

Nani anapokea? Kwangu mimi ni yule dada wa uratibu. Simjui sura. Njia nzima ananipigia: umefika wapi, mama anaongea, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Siku nyingine ananiuliza hata hali ya barabara ili ajue wa kumpigia mbele. Kama angekuwa mashine ya "bonyeza moja, bonyeza mbili", nakwambia watu wangeshakata tamaa siku nyingi.

*

MwanaKilifi:

Asanteni kwa uzi huu, umenigusa. Naandika kutoka Kilifi.

Mamangu ana miaka 74. Amelima, amekuna nazi, amesuka makuti umri wake wote. Mwaka jana nilimpeleka hospitali moja huku kwetu kwa ajili ya presha. Michango ya bima nalipa mwenyewe, sijawahi kuruka mwezi. Tulipofika dirishani akaambiwa aweke kidole kwenye mashine. Akaweka cha shahada. Ikakataa. Gumba. Ikakataa. Kijana wa dirishani akampa pamba yenye spiriti afute, akafuta. Wapi! Tukajaribu vidole vyote kumi, mkono wa kulia hadi wa kushoto, na foleni nyuma yetu inazidi. Jembe na mbuzi ya nazi zilishazila zile alama zamani.

Mamangu akanigeukia akaniuliza, na hakuwa anatania, "Mwanangu, kwani mimi si mimi?"

Nilishindwa kumjibu. Kitambulisho kiko mezani, picha ni yake, jina ni lake, mimi mwanawe nimesimama kando yake, na bado alikuwa hajathibitika.

Kilichotuokoa ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa meza ya nyuma. Aliinuka, akazunguka kaunta, akamsalimia mamangu vizuri, akashika ile mikono akaitazama kisha akampigia simu mkubwa wake. Ikatafutwa njia nyingine ya kumthibitisha, tukahudumiwa. Ilichukua muda, lakini ilikuwako njia. Swali langu ni hili: siku ambayo yule mama yuko likizo?

Najua kwa nini waliweka vidole. Bima iliibiwa sana, watu wakitibiwa kwa kadi za wenzao na hospitali zikidai pesa za wagonjwa hewa. Sipingi. Lakini anayebuni mtambo wa kutambua wazee wa Pwani akae kwanza siku moja na mzee wa Pwani aone viganja vyake.

*

FundiMifumo:

Nitapingana nanyi kidogo, kwa heshima zote. Mimi ndiye mtu mnayemsema, natengeneza mifumo ya hospitali, Dar.

Tusisahau karatasi ilivyotutesa. Kabla ya 2013, mfumo wa DHIS2, wa kukusanya takwimu za afya kwa kompyuta, ulipoenea nchi nzima hapa Tanzania, ripoti ya mwezi ya zahanati ilijazwa kwa mkono, ikapanda basi hadi wilayani, ikajumlishwa, ikaenda mkoani. Takwimu ikifika wizarani ugonjwa ulishapita au ulishaua. Vitabu vililiwa na mchwa. Mtoto akihama kijiji na kadi ikapotea, hakuna aliyejua kachanjwa nini. Ndiyo sababu ilipoanza rejista ya chanjo ya kielektroniki kule Arusha, wauguzi waliweza kuvuta orodha ya watoto waliokosa chanjo mwezi huo na kujua wa kwenda kumtafuta.

Na kuna sehemu mashine inashinda mtu, tukubali. Rwanda tangu Oktoba 2016 damu inapelekwa hospitali za vijijini kwa ndege zisizo na rubani, kituo cha kwanza kiko Muhanga. Damu ni kitu kigumu kutunza, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinakaa siku 5 hivi. Zamani hospitali ililazimika kujirundikia akiba ikaishia kutupwa, au ikose kabisa siku ya dharura. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionesha ndege zinafika kwa wastani wa dakika 50, na damu inayoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Mwendo huo, kwa milima ile, gari haliuwezi.

Dada Mkunga, kilichokupata siku ile kiliniuma kukisoma. Lakini kosa si la kompyuta. Kosa ni la aliyeleta kompyuta bila kuondoa kitabu. Umepewa kazi mara mbili na mikono ileile miwili. Ungebaki na kompyuta peke yake, tena inayofanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye, ungemaliza mapema na kumtazama mgonjwa usoni. Nimeshasema hivyo kwenye vikao vingi tu. Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba kitabu kibaki "kwa usalama".

*

MkungaWaZiwa:

Fundi, umesema kweli, na umenisaidia kuliweka vizuri jambo ambalo mimi nilikuwa nalihisi tu. Kitabu juu ya kompyuta, hapo ndipo penye maumivu. Nakuomba uendelee kulisema kwenye vikao hivyo, sisi huku hatuitwi.

Ila tazama hata mfano wako wa Rwanda. Ule mzigo unashuka kwa parachuti, na kuna mtu ametoka nje kuuokota, akaupeleka wodini, akakagua kundi la damu, akautundika. Ile orodha ya chanjo ya Arusha vilevile, uliandika mwenyewe: "kujua wa kwenda kumtafuta". Anakwenda nani? Kwa miguu ya nani? Mimi hofu yangu ni bajeti inayonunua kishikwambi na kusahau nauli ya anayetakiwa kukibeba.

MwanaKilifi, mpe mama salamu zangu nyingi. "Kwani mimi si mimi" nimelisoma mara tatu.

*

BintiWete:

Assalaam aleikum. Nilikuwa nasoma tu, lakini nimeona nami nichangie.

Mie niko Maskati mwaka wa tisa sasa. Mamaangu yuko Wete, Pemba, ana sukari. Kila Ijumaa baada ya sala tunaonana kwa video. Nikiondoka nyumbani miaka ile kupiga simu ilikuwa gharama, leo namuona hadi anavyopepeta mchele. Nikijiona mtoto mwema. Nampelekea fedha za vidonge kwa simu, zinafika kabla hatujaagana.

Mwaka jana akawa ananionesha uso tu. Mguu hakunionesha. Alikuwa na kidonda kwenye unyayo, alikanyaga mwiba, hakusikia maumivu kwa sababu ya hiyo sukari, na hakutaka kunitia wasiwasi mwanawe niliyeko ng'ambo. Wiki sita nzima tunazungumza, tunacheka, na mimi sijui.

Aliyekiona ni mhudumu wa afya wa jamii, katika wale wa Jamii ni Afya wanaopita majumbani na simu yenye maswali ndani. Alikuja kwa ajili ya wifi yangu mjamzito, wala si kwa mama. Amekaa barazani anauliza maswali yake, mama akapita anachechemea. Akaweka simu chini akasema, "Bibi, hebu kaa hapa nikuone mguu." Hilo halikuwemo kwenye maswali ya simu. Siku ile ile akampeleka hospitali. Vidole vyote vipo, alhamdulillahi.

Tulipomuuliza mama vidonge anameza, ndipo likatoka jengine. Kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp kulipita sauti ya mtu anayejiita daktari, akisema vidonge vya sukari vinaua figo, watu waache wanywe maji ya majani fulani asubuhi. Mama aliacha miezi miwili. Fedha nikipeleka, vidonge havinunuliwi. Na ile sauti, nikarudi nyuma kwenye kundi kuitafuta, aliyeisambaza ni mimi. Niliipitisha bila kuisikiliza hadi mwisho, kwa sababu aliyenitumia ni mtu ninayemheshimu.

Nalisema hapa hadharani ili mtu mwengine asimfanyie mamaake hivyo. Sasa Ijumaa yule mhudumu hunipigia yeye, akiwa kwa mama, na tunaanzia miguuni.

*

MamaWawili:

Dada Mkunga nina swali. Kwetu simu ni ya mume. Hata yangu yeye ndiye anayejua namba ya siri. Ukinitumia "Mambo?" saa tatu asubuhi kutoka namba asiyoijua, ataniuliza nani huyo anayenisalimia, na hapo ugomvi umeanza. Na nikiwa na jambo la siri, la uzazi wa mpango au kipimo, simu ndiyo itakayonifichua. Mnalifikiria hilo?

*

MkungaWaZiwa:

Mdogo wangu, swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, na nashukuru umekuwa jasiri kuliuliza.

Kwangu nafanya hivi. Kabla sijachukua namba ya mama yeyote namuuliza akiwa peke yake: simu inakaa na nani? Nikikupigia nijitambulishe vipi? Ujumbe ukifika uandikwe nini? Wapo wanaosema niandike "Kikundi cha vikoba kinakaa lini?" Yupo mmoja tulikubaliana "Mbegu za mahindi zimefika." Wapo wanaosema nisiandike kabisa, nimtume mhudumu wa jamii. Siandiki kitu ambacho hatukukubaliana. Mara nyingine nimewaita waume wenyewe, tukazungumza, wakaelewa, na sasa wao ndio wanaonipigia.

Na hili ni haki yako kisheria, si hisani yangu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na habari za afya ya mtu zimo kwenye taarifa nyeti. Kwa hiyo wale wenzangu tunaopiga picha ukurasa wa kitabu chenye majina na kuurusha kwenye makundi ya WhatsApp "ili kurahisisha kazi", tuache. Huko nyuma hata mimi nimefanya. Nilikoma siku niliyotambua kwamba kwenye lile kundi kulikuwa na watu walioshahama kituo miaka mitatu nyuma, na hakuna aliyewatoa.

*

DerevaWaShy:

Hiyo ya mbegu za mahindi nimeipenda. Lakini Dada, hizo simu zote za kuwafuatilia wanaosema Shida na walio kimya, vocha analipa nani?

*

MkungaWaZiwa:

Kaka, 115 ni bure, lakini ufuatiliaji wa kawaida ni mfukoni kwangu. Shilingi elfu tano kwa wiki, ikizidi elfu saba. Nimefungua daftari moja: jina, siku niliyomtumia, amejibu nini, nimempigia au la, na saini ya aliyepiga, kwa sababu nikiwa zamu ya usiku mwenzangu ndiye anayepokea. Wajawazito 61 wamo humo sasa hivi. Wiki hii wanne wamesema Shida na wawili wako kimya. Mmoja wa hao wawili nimeshampata, simu iliibwa. Mwingine mhudumu wa kitongoji chake anakwenda kesho asubuhi.

Nimeliandika ombi la vocha na nauli ya baiskeli kwa kamati ya zahanati. Wanakaa Alhamisi. Fundi, kama unaweza kunisaidia kulipanga vizuri hilo ombi kabla ya Jumatano, niambie, nikutumie nilichoandika.

*

FundiMifumo:

Tuma usiku huu. Na ile hoja ya kuondoa kitabu tuiweke humohumo, ukurasa wa kwanza.